Sekunde Thelathini Juu ya Sponji

Shemeji yangu akitaka kunichokoza mbele za watu huwaambia kwamba nasomea kizunguzungu. Watu hucheka, naye huinuka, hujishika kichwa na kuyumbayumba mpaka ajibwage kwenye kochi. Mwaka wa kwanza nilicheka pamoja nao. Mwaka wa pili nilimwalika kazini kwangu aje amwone mwanamke aliyekuwa akitambaa kwa magoti kutoka kitandani hadi chooni, kwa sababu kila akisimama nyumba nzima ilikuwa inageuka. Hakuja. Siku hizi akianza vituko vyake namkazia macho tu mpaka anakaa mwenyewe.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali kubwa, na wakati wa mambo haya nilikuwa nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Nitaeleza kwa kifupi, maana nimechoka kuonekana mganga wa kuzungusha watu. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyembamba vyenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji yanasogea, na ubongo unajua umeelekea wapi. Vijifereji vya upande mmoja vikiharibika, ubongo unaletewa habari mbili zinazopingana, na mtu anaona ukuta unakimbia ilhali yeye amesimama palepale. Kwa miaka mingi watu hawa wamepewa vidonge na kuambiwa wakalale. Mimi nawaambia waamke. Nawabandikia herufi moja ukutani, wanaikazia macho na kutikisa kichwa kushoto na kulia mpaka kichefuchefu kinawapanda, wanapumzika, wanarudia. Ubongo ukisumbuliwa hivyo kila siku unajifunza upya. Lakini lazima usumbuliwe. Anayekaa kwenye kiti akisubiri kupona atasubiri sana.

Chumba changu zamani kilikuwa cha kupigia pasi mashuka ya wodini, na ukutani bado kulikuwa na alama za njano za mvuke. Bodi ya hospitali ilinipa kwa miezi minne ya utafiti. Makubaliano yalikuwa wazi: nikionesha kwamba mazoezi yanafanya kazi, chumba kinabaki changu moja kwa moja, nisipoonesha, kinakuwa stoo ya mafaili. Wagonjwa wangu wote thelathini na wanne walilijua hilo. Mimi si mtu wa kuficha mambo, au ndivyo nilivyojidhania.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya. Mgonjwa anapanda juu ya sponji nene, miguu pamoja, mikono ameikunja kifuani, macho amefumba. Sponji inainyima miguu habari za sakafu, giza linamnyima habari za ukuta, kwa hiyo linabaki sikio peke yake. Tunahesabu sekunde mpaka afungue macho, aachie mikono au atoe mguu. Ukomo ni thelathini. Sponji maalumu ya kipimo hicho huagizwa kutoka mbali, na hospitali haikuwa na mpango wa kuagiza chochote. Nikaenda kwa mtengeneza magodoro, nikakatiwa kipande cha kijivu cha unene wa sentimita kumi, nikarudi nimekikumbatia na kujiona mjanja.

Aliyeniingia moyoni kuliko wote alikuwa fundi wa paa. Wenzake walimwita Paka, kwa sababu kwa miaka ishirini alikuwa akitembea juu ya kenchi, zile mbao za kubebea paa, bila kushika kitu. Kisha akapata mafua ya kawaida, na asubuhi moja akaamka dunia inazunguka. Hakuanguka kutoka juu. Alianguka bafuni kwake, kwenye sakafu tambarare, na hilo ndilo lililomuuma. Siku ya kwanza alisimama sekunde tatu juu ya sponji, akatukana, akavaa viatu akaondoka. Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni.

Kwa miezi minne hakukosa hata siku moja. Alifanya mazoezi huku tukigombana. "Dokta, hii herufi yako inanichezea," alisema. Nikimwambia mimi si daktari, alijibu kwamba kwa jinsi ninavyomtesa nimeshapita daktari. Mwishoni alisimama sekunde thelathini bila kutikisika. Mkewe alikuwa mlangoni, akapiga makofi mpaka wauguzi wakachungulia. Nami Jumatatu hiyo nikamwandikia msimamizi wake barua: anaweza kurudi kazini, pamoja na kazi za juu. Nikasaini kwa mbwembwe.

Na hakuwa peke yake. Karibu wote walipanda. Profesa aliyekuwa akinisimamia, ambaye wanafunzi humwita Desimali kwa sababu hata saa hawezi kukutajia bila kuweka nukta, aliitazama karatasi yangu mara tatu. "Kutoka tano nukta moja hadi ishirini na saba nukta nne," alisema, kama mtu anayeonja kitu kitamu. Alinipeleka kunywa chai, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu anifahamu, akasema Alhamisi inayofuata tutakwenda pamoja mbele ya bodi. Kichwa kilinivimba, nakiri.

Ijumaa jioni mama yangu alipita kazini kuchukua ufunguo wa nyumba. Mama ni fundi wa makochi. Maisha yake yote amekuwa akivua viti vya watu nguo na kuvivisha upya, na hawezi kuingia chumba chochote bila kupapasa vya kukalia. Alipapasa kiti changu, akaguna. Akapapasa benchi, akaguna. Kisha akaiona sponji sakafuni, akainama, akaizamisha ngumi na kuitoa, akatazama jinsi inavyoinuka. Haikuinuka.

"Hii nani kakuuzia?"

"Mtengeneza magodoro. Kwani vipi?"

"Imekufa."

"Mama, sponji inakufaje?"

"Inalala, haiamki. Weka mguu hapa. Unasikia sakafu? Watu wangapi wameikanyaga?"

"Thelathini na wanne. Mara tatu kwa wiki."

"Miezi minne yote? Mwanangu, hii nisingeitia hata kwenye kochi la adui yangu." Alicheka, halafu akaona mimi sicheki. "Mbona uso umekubadilika hivyo?"

Nilikuwa nimeshachukua rula. Pembeni sponji ilikuwa sentimita saba. Katikati, pale ambapo miguu yote ilikuwa imesimama, ilikuwa nne. Nikapanda, nikafumba macho, na chini ya nyayo nikaisikia simenti ya chumba cha pasi, baridi na imara, ikinishika kama kawaida. Nilikuwa nimetumia kipande kilekile kwa mazoezi na kwa kipimo. Hakuna mtu mwingine yeyote duniani ambaye angefanya kosa hilo ila mtu wa kazi yangu, tena mwenye haraka. Ni sawa na kumpima mtoto kimo kila mwezi kwa futi inayofupishwa, halafu ukafurahi kwamba anakua. Mwanzo niliwapima juu ya sponji. Mwisho niliwapima juu ya zulia.

Kisha nikamkumbuka Paka. Tangu Jumanne alikuwa juu ya paa kwa saini yangu.

Nilimpigia. Alipokea huku akitafuna. Nilimwambia asipande tena mpaka nimpime upya. "Dokta, mimi ni mzima wa afya," alisema. "Wewe pumzika, umechoka." Akakata. Nilipiga tena, hakupokea.

Nikampigia Profesa. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo nampa.

"Imepungua kutoka ngapi hadi ngapi?" aliuliza.

"Kumi hadi nne."

"Tutaliweka kwenye mapungufu ya utafiti. Sentensi moja. Kila utafiti una mapungufu."

"Prof, hili si pungufu. Hili ndilo tokeo lenyewe."

"Wagonjwa wako wanajisikia nafuu, au hawajisikii?"

"Wanajisikia. Lakini kuna mtu nimempandisha kwenye paa."

"Sikiliza, binti yangu. Alhamisi ukitamka neno sponji, bodi haitasikia kitu kingine. Chumba kitaondoka, na hao unaowalilia watarudi kulala na vidonge vyao. Hicho ndicho unachokitaka?"

Lilikuwa swali zuri, na ndiyo maana lilinichukiza. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ile ilikuwa inajua kitu ambacho mimi sikuwa nimekijua bado.

"Nitawapima wote upya," nilisema.

"Kwa siku tano?"

"Kwa siku tano."

"Basi jina langu litoe."

"Nitalitoa leo hii hii."

Nilikata simu, kisha nikalia. Sitaki kujifanya shujaa, nililia kwa kwikwi, nimeegemea ule ukuta wa alama za mvuke. Mama hakunibembeleza. Alikuwa ameshavuta futi yake kutoka begani na anapima kingo za sponji mfu. "Ya kumi, ile nzito ya viti vya ofisini," alisema, akijisemea. "Ninayo. Futa makamasi twende."

Jumamosi asubuhi nilifika kwenye jengo la ghorofa mbili, nimebeba sponji mpya ndani ya kiroba. Juu kulikuwa na mifupa ya paa, na katikati ya mifupa hiyo alikuwepo Paka, nyundo kiunoni, anatembea. Mafundi waliokuwa chini waliniona, mmoja akapaza sauti: "Paka! Dokta wa kizunguzungu kakufuata!"

"Mwambie sipo!"

"Shuka!" nilipiga kelele. Sikujua nina sauti ya namna ile. "Shuka sasa hivi, ama napanda mimi!"

Walicheka wote, naye akashuka, kwa sababu mwanaume hawezi kumwacha mwanamke mwenye kiroba apande ngazi yake. Alishuka akitazama miguu yake hatua kwa hatua. Zamani asingetazama. Nilikuwa nimeliona hilo tangu wiki iliyopita chumbani kwangu, nikalipuuza, kwa sababu karatasi yangu ilisema thelathini.

Nililaza sponji kwenye zege. "Panda."

"Mimi nilishafaulu."

"Ulifaulu kwenye sponji iliyokufa. Kosa ni langu. Hii ni nzima. Panda."

Aliwatazama wenzake, akavua buti, akapanda. Alikunja mikono, akafumba macho. Mafundi walianza kuhesabu kwa sauti, kwa utani, kama watu wanaomhesabia bondia. Walipofika sita, vifundo vyake vya miguu vilianza kucheza. Walipofika tisa hakuna aliyekuwa akitania. Kumi na moja, akaenda ubavu mzima, na wawili wakamdaka kabla hajagusa zege. Mtu mmoja nyuma alicheka, akajisikia mwenyewe, akanyamaza.

Paka alikaa chini. Jasho lilimtiririka usoni ingawa jua lilikuwa bado changa.

"Miezi minne ulikuwa unanidanganya," alisema.

"Ndiyo. Bila kujua, lakini ndiyo."

"Jana nimevuka boriti ile pale. Sijashika kitu. Mama watoto alikuwa kaniletea chakula, amesimama hapo ulipo, ananitazama." Akanigeukia. "Unaelewa ninachokwambia?"

"Naelewa. Nisamehe. Naomba barua yangu."

Aliitoa mfukoni mwa shati, imelowa jasho na kukunjika. Nilinyoosha mkono, hakunipa. Alikuwa anawaza, na kadiri alivyowaza ndivyo uso ulivyomkaza.

"Siku ya kwanza nilisimama ngapi?"

"Tatu."

"Na siku hiyo sponji ilikuwa nzima?"

"Mpya kabisa."

"Kwa hiyo tatu. Na leo kumi na moja."

"Kumi na moja."

"Basi hizo nane ni zangu." Alinitupia barua mapajani. "Hukunipa wewe, na hiyo sponji yako mfu haikunipa. Nimezitapikia mwenyewe. Hizo nyingine chukua, katupe. Lakini hizo nane mtu asiniguse. Wakubwa zako wakikuuliza, waambie nane."

Hakupanda tena siku ile. Alimwambia msimamizi wake, mbele ya kila mtu, kwamba atakata mabati chini mpaka atakapofika thelathini za haki. Mimi nilikunja sponji nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nasema nane, nane, kama mwendawazimu. Kile ambacho hasira yangu ilikuwa inakijua, fundi wa paa alikuwa amekisema. Chini ya uongo wangu kulikuwa na kitu cha kweli, kidogo kuliko tulivyotaka, na kilikuwa na wenyewe.

Mama alikata vipande vinne siku hiyohiyo. Alivishonea kava, na kwenye kila kava akatia tarehe kwa uzi mwekundu. "Watu wanane kwa kipande kimoja, wa tisa namtoa mimi mwenyewe," alisema, na kweli Jumapili alikuja akakaa kwenye benchi kama askari wa zamu, akizizamishia ngumi sponji kila baada ya mtu kushuka. Niliwapigia wote thelathini na wanne. Niliwaambia ukweli kwenye simu, sentensi ileile kwa kila mmoja: nilikupima vibaya, njoo nikupime upya, huenda ukapungukiwa. Walikuja ishirini na tisa.

Haikuwa kazi ya kufurahisha. Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu mpole, ambaye mara ya mwisho alikuwa amefika thelathini na kuniletea kadi ya shukrani, safari hii alisimama sekunde nne. Ndizo alizokuwa nazo siku ya kwanza.

"Nirudie?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ukirudia ndipo nitakuwa nakudanganya."

Aliokota mkoba wake akaondoka bila kuaga. Usiku wa siku hiyo sikula. Wengine walikasirika waziwazi, na mmoja alisema nimemwibia miezi minne. Lakini kulikuwa na waliofanya hesabu kama ya Paka, nikawaona wakizihesabu vidoleni, tano, saba, kumi, na kuondoka mabega yakiwa juu. Jumatano jioni nilijumlisha. Tulianzia sekunde tano. Tulifika kumi na mbili. Watu tisa hawakupata chochote.

Alhamisi bodi ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano, watu saba na chupa saba za maji. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtu mzima, msimamizi wa zamani wa wauguzi, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani na sifa ya kutopenda maneno mengi. Desimali alikaa safu ya nyuma. Jina lake halikuwepo kwenye karatasi yangu, lakini alikuja.

Nilianza na sponji. Niliiweka ile mfu mezani kwao, na pembeni yake nikaweka nzima, nikawaomba wazizamishie ngumi. Watatu walifanya. Kisha nikasoma tarakimu zote, za uongo na za kweli, na wale tisa nikawataja kwanza.

"Kwa hiyo matokeo tuliyotumiwa wiki iliyopita siyo," alisema Mwenyekiti.

"Siyo."

"Na haya ya leo ni chini ya nusu yake."

"Ndiyo, mama. Lakini haya yapo. Watu ishirini wamepanda kwa haki, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepata hivyo kwa kulala na vidonge."

"Profesa," aliita bila kugeuka, "wewe ulijua?"

Nilisikia kiti kikilia nyuma. Angeweza kusema lolote. Jina lake halikuwepo mahali popote.

"Nilijulishwa Ijumaa," alisema Desimali. "Nilimshauri aliandike kwa sentensi moja. Alikataa." Akakaa.

Walitutoa nje kwa robo saa. Waliporuhusu tuingie, Mwenyekiti alivaa miwani akasoma uamuzi. Bodi inapongeza uaminifu wa mtafiti. Bodi inaona kwamba utafiti umejikanusha wenyewe. Chumba kiachwe wazi kufikia Ijumaa saa kumi jioni.

Nilijua itakuwa hivyo, na bado ilinichoma. Nilitaka kuwaambia kwamba wangepitisha uongo wangu kwa makofi. Nilisema kitu kingine.

"Naomba kuuliza. Nimefukuzwa kazi?"

"Hapana. Nani kasema hivyo? Wewe ni mfanyakazi wa hospitali."

"Na wagonjwa wangu wamefukuzwa?"

"Hakuna mgonjwa anayefukuzwa hapa."

"Ahsante. Nilitaka liandikwe kwenye muhtasari."

Desimali alinisubiri kwenye ngazi. Nilidhani atanisema. Aliniuliza tu wale tisa walikuwa na umri gani, na kama nimewatenga na wengine kwenye hesabu, maana hapo huenda pana swali la tasnifu nzima. Nilimwambia bado nina hasira naye. Alisema anajua, na kwamba umri niuandike kwa miaka na miezi.

Jumatatu asubuhi chumba cha pasi kilikuwa kimejaa mafaili hadi dirishani. Niliwapanga watu wangu kwenye korido ya utawala. Sikuichagua kwa bahati mbaya. Ni korido ndefu, pana, sakafu yake imenyooka, na milango yote ya wakubwa inafungukia hapo. Nilibandika herufi ishirini ukutani, kati ya mlango na mlango. Walikuja kumi na tisa. Walitembea kwa mistari miwili wakigeuza vichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia, na makarani waliobeba mafaili wakawa wanangoja nafasi ya kupita. Mwalimu mstaafu alikuja kwa kuchelewa, hakunisalimu, akaingia mstarini. Sikuthubutu kumsemesha.

Saa nne mlango wa mwisho ulifunguka, akatoka Mwenyekiti. Alitazama herufi, akatazama mistari, akanitazama mimi.

"Hapa si mahali pa mazoezi."

"Tuoneshe mahali, mama. Tutahama sasa hivi."

"Korido ni ya kupita watu."

"Ndicho wanachofanya. Wanapita."

Mtu mmoja mstarini alikohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alisogea mpaka pale ambapo Paka alikuwa amesimama juu ya sponji yenye tarehe nyekundu, mikono kifuani, macho amefumba, na saa yangu inahesabu.

"Na wewe, baba, unafanya nini mlangoni kwangu?"

"Usinisemeshe, mama," alisema Paka bila kufungua macho. "Nina kazi."

Vifundo vya miguu vilimcheza, akavituliza. Korido nzima ilikuwa imesimama. Hata makarani waliweka mafaili chini. Nikaona midomo ya Mwenyekiti inaanza kuhesabu pamoja nasi, kimyakimya, kama muuguzi anayehesabu mapigo. Kumi na tano. Kumi na sita. Bega la kushoto lilishuka, likapanda. Kumi na nane. Alikwenda upande, akautoa mguu na kuukita kwenye sakafu, akafungua macho.

"Ishirini!" alisema. "Andika ishirini, Dokta. Hata mama kaona."

Nilitazama saa. Nilimtazama Mwenyekiti, naye alikuwa ananitazama, anasubiri, miwani mkononi.

"Kumi na tisa," nilisema, nikaandika kumi na tisa.

"Kumi na tisa," alisema Mwenyekiti. Akarudi ofisini kwake, akauacha mlango wazi.